Clessie Cummins: dereva aliyeng'oa petroli, akatia dizeli

Siku ya Krismasi mwaka 1929, katika mji wa Columbus, jimbo la Indiana nchini Marekani, tajiri wa benki William G. Irwin alipandishwa gari na mtu aliyewahi kuwa dereva wake. Gari lilikuwa Packard, limuzini iliyokwisha kutumika. Injini yake ya petroli ilikuwa imeng'olewa, na mahali pake palikaa dizeli ya silinda 4 ambayo kazi yake ya asili ilikuwa kusukuma boti. Irwin alikuwa ametoa fedha zake kwa miaka 10 na hakuwa ameona faida. Kiwanda kilikuwa mlangoni mwa kufungwa. Waliporudi nyumbani, alikubali kutoa fedha nyingine.

Dereva huyo ni Clessie Lyle Cummins. Ndugu msomaji, jina hilo umelisoma mara nyingi bila kujua kuwa ni la mtu. Limeandikwa kwenye injini za malori yanayopita Kobero, na kwenye majenereta pia. Mimi nililiona kwanza kwenye jenereta kambini, upande wa Kibondo, nilipokuwa nasoma chini ya turubai. Nilidhani ni jina la nchi.

Alizaliwa tarehe 27 Desemba 1888 huko huko Indiana, mtoto wa mkulima. Shule aliishia darasa la 8. Mwaka 1908 familia ya Irwin ilimwajiri kuendesha na kutunza gari lao, akaonyesha kuwa mikono yake ina akili kuliko vyeti. Irwin akampa nafasi ya kufungua karakana, na tarehe 3 Februari 1919 ikazaliwa kampuni yenye jina lake.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Alitengeneza injini ndogo za mashambani kwa leseni ya muundo wa Hvid, zikauzwa kupitia duka kubwa la Sears, Roebuck. Duka liliruhusu mteja asiyeridhika kurudisha mali. Basi wako wakulima waliotumia injini msimu mzima, kisha wakairudisha! Wafanyabiashara wa mpakani mtaelewa hasara ya namna hiyo. Baadaye akageukia injini za boti na mitambo, lakini soko lilikuwa dogo, na mwaka 1929 uchumi wa Marekani ukaanguka.

Ndipo akaifikiria barabara. Dizeli ya siku zile ilikuwa nzito, yenye nguvu nyingi ikizunguka polepole, na wengi hawakuamini kuwa ingefaa kwenye gari. Badala ya kubishana, Cummins aliipachika ndani ya Packard. Januari 1930 aliendesha gari hilo kutoka Indianapolis hadi New York, karibu maili 800, kwa mafuta ya dola 1 na senti 38. Mwezi Machi mwaka huo, kwenye mchanga wa Daytona, Packard nyingine yenye dizeli ilipita maili 80 kwa saa, sawa na kilomita 128 na ushei. Mwaka 1931 gari lake la mashindano lilimaliza maili 500 za Indianapolis bila kusimama hata mara moja. Lilishika nafasi ya 13, lakini lilikuwa la kwanza kumaliza mbio hizo bila kuingia kwa mafundi.

Safari iliyombadilisha lakini ni ya lori. Mwaka huo huo wa 1931, Cummins na wenzake wawili walitoka New York kwenda Los Angeles na lori aina ya Indiana lenye dizeli yake. Mafuta ya bara zima yaligharimu dola 11 na senti 22. Karibu na mwisho wa safari walifika mteremko wa Cajon, California. Breki zilipata moto, zikashindwa. Injini haikuweza kulishika lori. Mbele yao treni ya mizigo ilikuwa inakatiza barabara. Behewa la mwisho lilipita, nao wakavuka reli nyuma yake kwa nafasi ndogo mno.

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu sehemu hii ya maisha yake inatuhusu.

Injini ya petroli ukiiachia mafuta, koo lake hufungwa, inavuta hewa kwa shida, na shida hiyo hulizuia gari. Dizeli haina koo la namna hiyo. Inameza hewa yote, inaibana, kisha hewa iliyobanwa inasukuma pistoni chini kama springi inayojirudisha. Kilichobanwa kinarudishwa karibu chote. Kwa hiyo anayetoa petroli na kuweka dizeli anapata nguvu ya kupanda, ila wakati wa kushuka anategemea sana gia.

Mwaka 2014 mimi na shemeji yangu tulinunua pikapu ya petroli, tukaitia dizeli. Fundi aliacha difu ya zamani: krauni meno 41, pinioni meno 10, yaani 4.1. Kwenye tambarare ya Imbo ikawa inalia. Hesabu ni rahisi, niliwahi kuwafanyisha wanafunzi wangu. Tairi letu likizunguka mara moja linakwenda mita 2.2. Injini ikiwa mizunguko 3,000 kwa dakika, na gia ni moja kwa moja, unagawa 3,000 kwa 4.1, unazidisha kwa 2.2: ni kilomita 97 kwa saa. Fundi akatuwekea difu ya 3.5. Kwa mizunguko ile ile tukapata kilomita 113, kelele ikapungua na mafuta yakapungua. Tulifurahi.

Furaha ikaishia Bugarama. Kutoka pale hadi Bujumbura barabara inashuka zaidi ya mita 1,000, nasi tulibeba viazi na kabichi. Gia ya pili, yenye uwiano wa 2.2, zamani ilitushikia kilomita 44 kwa mizunguko 3,000. Kwa difu mpya, injini ikizunguka vile vile, gari lilikwenda 51. Shemeji akakanyaga breki kila kona, na kabla hatujafika katikati zilinuka hadi ndani. Tulisimama kwa kuegemea tuta. Tulichohitaji ni giaboksi yenye gia za chini zilizo fupi zaidi na gia ya tano ndefu, ili difu ile ile ifae tambarare na mlima. Fundi hakutuuliza tunapita barabara gani, na sisi hatukumwambia.

Cummins aliondoka Cajon na swali lake, akakaa nalo zaidi ya miaka 20. Kampuni ilianza kupata faida mwaka 1937, malori ya dizeli yakaenea, naye akazeeka. Katikati ya miaka ya 1950, akiwa ametoka kwenye kampuni na kuishi California, alirudi kwenye swali hilo. Kama tatizo ni hewa iliyobanwa kuirudishia pistoni nguvu, basi hewa hiyo itolewe kabla haijaisukuma. Alibuni kifaa kinachofungua vali za moshi pistoni inapokaribia juu kabisa. Hewa inatoka kwa kishindo, na injini iliyotengenezwa kusukuma lori inageuka kuwa kitu cha kulizuia.

Aliomba hataza mwaka 1957. Kampuni ya Jacobs, iliyojulikana kwa vishikizo vya keekee, ndiyo iliyokichukua kifaa hicho, na mwaka 1961 kikaanza kuuzwa. Cummins alifariki mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 79.

Mlio wake mnaujua. Ni ule mngurumo wa kukatikakatika unaosikika lori kubwa linapoteremka likiwa na shehena, dereva akiwa ameondoa mguu kwenye mafuta na hajagusa breki. Pikapu yetu haikuwa nacho. Tulirudisha difu ya 4.1, na Imbo tukavumilia kelele.