Profesa Svante Arrhenius

Muhula uliopita nilipata alama mbaya katika kemia, ndipo nikasoma habari za bwana huyu, aliyezaliwa Uswidi mwaka 1859. Mwaka 1884 maandishi yake ya shahada yalipewa alama ya chini huko Uppsala. Mwaka 1903 mawazo yale yale yalimpatia Zawadi ya Nobel!

Mimi napenda zaidi hesabu zake za mwaka 1896. Kwa kalamu tu alikokotoa kwamba hewa ya ukaa angani ikiongezeka maradufu, joto la dunia litapanda nyuzi 5 au 6. Baadaye aliwaandikia watu wa kawaida vitabu. Ila alidhani joto hilo litakawia sana, tena litawafaa wakulima wa nchi za baridi. Hapo alikosea. Alifariki mwaka 1927.