Edgar F. Codd (1923–2003)

Ukiingiza namba ya mtahiniwa 0047 katika safu iliyowekewa aina ya data ya namba, kompyuta itakurudishia 47. Sufuri mbili zimepotea, na hata ukiigeuza tena kuwa maandishi hazirudi. Kabla hujakariri kanuni za kubadili aina za data, mfahamu mtu aliyesisitiza kwamba kila safu iwe na maana yake.

Edgar Frank Codd alizaliwa mwaka 1923 katika kisiwa cha Portland, kusini mwa Uingereza, akiwa kitinda mimba kati ya watoto saba. Alisoma hisabati na kemia Oxford, akawa rubani wa jeshi la anga katika Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1948 alihamia Marekani na kuajiriwa na IBM. Katika miaka ya 1950 aliishi Kanada kwa muda, akichukizwa na siasa za Seneta McCarthy. Usikae sana hapo, mtihani hauulizi.

Kinachoulizwa ni makala yake ya mwaka 1970. Wakati huo data nyingi zilipangwa kama matawi ya mti, na mwandishi wa programu alilazimika kujua njia ya kuifikia kila taarifa. Codd alipendekeza majedwali, ambamo kila safu wima huchota thamani zake katika kundi lake maalumu. IBM haikuharakisha, kwa kuwa mfumo wake wa zamani, IMS, uliiingizia fedha. Kampuni changa ya Larry Ellison ikaitangulia sokoni mwaka 1979. Mwaka 1981 Codd alipewa Tuzo ya Turing.

Hapa ndipo wengi hupoteza alama. Umri na uzito vyote ni namba, lakini kwa Codd si vitu vya kulinganishwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 alitaka mfumo ukatae ulinganisho wa namna hiyo mpaka mwenye idhini aamuru waziwazi. SQL haikumfuata kikamilifu, naye aliikosoa.

Sasa chukua alama za darasa zilizohifadhiwa kama maandishi. Zikipangwa kuanzia ndogo, 10 itatangulia 9, maana kinacholinganishwa kwanza ni tarakimu ya kushoto. Tumia amri ya CAST uzigeuze kuwa namba, ndipo upange. Lakini kama mwalimu aliandika neno "hakufanya" kwa mwanafunzi mmoja, mifumo mingi itagoma na kuonyesha kosa. Usilibadili neno hilo kuwa 0, maana utashusha wastani wa darasa zima na kumpa mgonjwa alama ya aliyeshindwa. Kanuni ya tatu kati ya zile alizotoa Codd mwaka 1985 inahusu jambo hili hasa: taarifa isiyokuwepo iwekewe NULL, ambayo si sufuri wala maandishi matupu. Ukikokotoa wastani kwa AVG, NULL haihesabiwi.

Codd alifariki Florida mwezi Aprili 2003, akiwa na umri wa miaka 79.