Anandibai Joshi: Tabibu Aliyevuka Maji Meusi

Katika toleo hili la maadhimisho tumeona vyema kumkumbuka Anandibai Joshi, miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Bara Hindi kupata shahada ya udaktari ng'ambo. Wengi tumeisikia sifa ya shahada ile. Ni wachache wanaouliza aliishije huko.

Alizaliwa Kalyan, karibu na Bombay, Machi 31, 1865. Akiwa na miaka 9 aliozwa kwa Gopalrao Joshi, karani wa posta aliyemzidi umri kwa miaka mingi. Akiwa na miaka 14 alijifungua mtoto wa kiume, naye mtoto akafariki baada ya siku 10 kwa kukosa tiba. Hapo ndipo alipoazimia kusomea utabibu.

Mmisionari mmoja Mmarekani aliahidi msaada iwapo wangebatizwa, walikataa. Aliyewafungulia mlango ni Bi Theodicia Carpenter wa New Jersey, aliyesoma habari zao gazetini. Nyumbani nako kulikuwa na lawama, kwani kuvuka bahari kulihesabiwa kuwa ni kupoteza tabaka. Wazee wetu waliopanda majahazi kutoka Kutch na Kathiawar kuja Unguja na Mombasa waliijua hofu hiyo. Mwaka 1883, mbele ya hadhara mjini Serampore, Anandibai aliahidi kwenda Mhindu na kurudi Mhindu.

Ahadi aliitimiza, lakini kwa gharama kubwa. Chuo cha udaktari cha wanawake mjini Philadelphia kilimpokea kwa heshima, ila baridi ya huko haikuwa na heshima kwa sari. Nyama hakuila. Meko ya chumbani mwake yalitoa moshi, ikambidi achague moshi au baridi. Hatimaye aliamua kuvaa sari kwa mtindo wa Kigujarati, ambao mama na bibi zetu wanaujua vyema, kwa kuwa unasitiri miguu. Badiliko dogo kama hilo alilazimika kulieleza kwa barua kwa mumewe, ambaye hakuwa mwepesi wa kuridhika. Twadhani karipio la nyumbani lilimwuma kuliko theluji.

Hakuwa mgeni peke yake. Picha ya mwaka 1885 yamwonesha pamoja na Kei Okami wa Japani na Sabat Islambouli wa Syria, kila mmoja katika vazi la kwao. Tasnifu yake aliiandika juu ya ukunga miongoni mwa Wahindu, na hivyo elimu ya wahenga wake ikafika mbele ya maprofesa wa Kimarekani.

Alihitimu Machi 1886. Kolhapur ilikwisha kumteua kusimamia wodi ya wanawake, lakini alirejea akiwa na kifua kikuu, akafariki Pune Februari 26, 1887, kabla ya kutimiza miaka 22. Majivu yake yalipelekwa kwa Bi Carpenter, yakazikwa katika makaburi ya familia yake huko Poughkeepsie, jimbo la New York, chini ya jiwe lenye jina la Anandibai.