Kalamu ya Nyaatha

Katika shule zetu za Tetu, mwanafunzi akiombwa ataje watu mashuhuri wa Nyeri, atamtaja Dedan Kimathi, kisha Wangari Maathai, bila kusita. Ni nadra kumsikia akimtaja mtawa Irene Stefani. Huyo, husema baadhi ya wenzangu, ni wa Wakatoliki, waachiwe wenyewe. Mimi naona kwamba tunajinyima.

Irene alizaliwa mwaka 1891 huko Anfo, kaskazini mwa Italia. Alijiunga na Watawa wa Konsolata, na mwanzoni mwa 1915 akashuka Mombasa. Wakati huo Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimekwisha kuzuka, nao Waingereza wakawakusanya Waafrika, wengi wao kwa nguvu, ili wayabebee majeshi mizigo. (Jina la Kariokor ya Nairobi na la Kariakoo ya Dar es Salaam limetokana na kikosi hicho, ingawa wengi wanunuao mboga huko hawana habari.) Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu, na maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi. Irene aliwauguza Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Aliwabatiza pia wengi waliokuwa wakikata roho, na msomaji wa leo ana haki ya kuuliza mgonjwa wa hali hiyo alikuwa na hiari kiasi gani. Swali hilo silikwepi. Hata hivyo, mbele ya serikali iliyowaona watu hao kuwa migongo tu ya kubebea, yeye aliwaosha vidonda mmoja baada ya mwingine.

Mwaka 1920 alihamia Gikondi, Mukurwe-ini, akafundisha shuleni na kuzunguka vijiji vya matutani kwa miguu, amevaa buti zake nzito, akiwatazama wagonjwa na wazazi.

Lakini linalonigusa mimi mwalimu ni barua. Kodi iliwasukuma vijana kwenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa, na mama zao walibaki bila kujua kusoma wala kuandika. Irene alikaa nao, akasikiliza, akaandika. Jibu lilipokuja akawasomea. Hebu tufikirie thamani ya kazi hiyo katika kijiji ambamo waliojua kuandika walikuwa wa kuhesabika. Hadi leo wako wazazi wanaofika shuleni na karatasi ya hospitali au ya shamba mkononi, wakiomba wasomewe, na wako walimu wanaowaambia waje kesho.

Mnamo Oktoba 1930 tauni iliingia Gikondi. Miongoni mwa waliougua alikuwemo mwalimu mmoja ambaye, kwa masimulizi ya shirika la Irene, hakuwa amemtendea mema mtawa huyo. Irene alikwenda kumuuguza, akaambukizwa, akafariki tarehe 31 Oktoba, akiwa na umri wa miaka 39. Alizikwa Mathari.

Kanisa lilimtangaza mwenye heri mjini Nyeri tarehe 23 Mei 2015, baada ya kukubali muujiza uliosimuliwa kutoka Nipepe, Msumbiji. Wenyeji wa Gikondi hawakuhitaji kungoja muujiza. Walikuwa wamekwisha kumwita Nyaatha, mwenye huruma, angali akipanda na kushuka matuta yao.