Dominique Larrey: tabibu wa Napoleon aliyeona baridi ikizima akili

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, mgonjwa anayezidi uwezo wa vituo vya afya vya hapo hupakiwa kwenye gari la wagonjwa na kukimbizwa Hospitali ya Rufaa ya Mbarara. Akiwa ni mtoto mchanga, mawili humsumbua muuguzi safari nzima: apumue, na asipoe njiani. Ni wachache katika gari hilo waliowahi kusikia jina la Dominique Jean Larrey, Mfaransa aliyefariki dunia mwaka 1842. Hata hivyo, wazo la gari la tiba linalomfuata majeruhi alipo lilitoka kwake, na ndiye aliyeacha mojawapo ya maelezo makini ya mwanzo kuhusu namna baridi inavyoudhoofisha ubongo.

Larrey alizaliwa mwaka 1766 katika kijiji cha Beaudéan, milimani Pyrenees. Baba yake alikuwa fundi viatu. Akiwa na miaka 13 alikuwa tayari yatima, akaenda kulelewa mjini Toulouse na ami yake, aliyekuwa daktari wa upasuaji. Huko ndiko alikojifunza kazi, kabla ya kusafiri na meli ya jeshi hadi Newfoundland na hatimaye kuingia katika vita vya mapinduzi ya Ufaransa.

Mwaka 1792 alikuta utaratibu uliomchukiza. Magari ya tiba yalitakiwa kukaa kilomita kadhaa nyuma ya mapigano, na majeruhi waliachwa chini hadi bunduki zinyamaze; wengi walikuwa wamekwisha kufa. Larrey akabuni magari mepesi ya kukokotwa na farasi, yaliyoingia hadi risasi zilipokuwa zikilia. Nchini Misri, ambako magari hayo hayakufaa mchangani, alitumia ngamia. Aliamua pia kwamba atakayetibiwa kwanza ni mwenye jeraha baya zaidi, awe jenerali au kuruta, rafiki au adui. Huko Nakivale, ambako watu waliokimbia pande hasimu za vita vilevile hupanga foleni kwenye mlango mmoja wa zahanati, kanuni hiyo haihitaji mfafanuzi.

Baridi ilimkabili kwa uzito wake wote katika vita vya Eylau, Februari 1807. Inasimuliwa kwamba askari waliokatwa viungo thelujini walisikia maumivu machache kuliko ilivyotarajiwa. Larrey aligundua jambo lililomshangaza zaidi: wakati baridi ilipokuwa kali, askari wengi hawakulalamikia miguu yao; barafu ilipoanza kuyeyuka, na hasa walipoikimbilia mioto, ndipo nyama ilipoanza kuoza.

Miaka mitano baadaye alikuwa Urusi. Baada ya kukata viungo vipatavyo 200 kwa siku moja huko Borodino, alirudi pamoja na jeshi lililokuwa likifa kwa njaa na baridi, huku kipimajoto kikining'inia kwenye koti lake. Kwenye mto Berezina, askari waliokuwa wakikanyagana kuwahi daraja walimtambua, wakampitisha juu ya vichwa vyao, mkono kwa mkono, hadi ng'ambo. Katika safari hiyo aliandika alichokiona: watu wakipauka, ulimi ukiwa mzito, macho yakififia, hatua zikiyumba kama za mlevi, kisha usingizi usio na kuamka.

Alikuwa akiuelezea ubongo unaopoa, ingawa sayansi ya kueleza sababu ilikuwa bado haijazaliwa. Kazi ndani ya seli huendeshwa na vimeng'enya, protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, navyo vimezoea nyuzi joto 37. Joto likishuka, mwendo wa vimeng'enya hupungua. Kwa kila nyuzi moja, ubongo hutumia oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 6 au 7. Kimojawapo husukuma sodiamu nje ya seli na kuingiza potasiamu. Kikilegea, ishara za neva huchelewa, na mtu huanza kuyumba kama wale wa Berezina.

Larrey hakuwa sahihi katika yote. Alishauri kiungo kilichoganda kisuguliwe kwa theluji, na ushauri huo uliendelea kuumiza watu kwa zaidi ya karne moja, hadi ilipothibitishwa kwamba maji ya vuguvugu ndiyo tiba.

Mwaka 1815, huko Waterloo, alikamatwa na Waprusia na kuamriwa apigwe risasi. Daktari mmoja wa Prussia aliyewahi kuhudhuria mihadhara yake alimtambua, naye Jemadari Blücher, ambaye mwanawe aliwahi kutibiwa na Larrey, akamwachilia. Napoleon alimwachia faranga 100,000 katika wosia wake. Larrey alifia Lyon akitoka kukagua hospitali za Algeria, siku chache baada ya mkewe kufariki.

Katika karne ya 20 madaktari walijiuliza: ikiwa ubongo uliopoa huhitaji oksijeni kidogo, je, baridi ya kupimwa haiwezi kumkinga mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa? Katika hospitali za nchi tajiri jibu lilikuwa ndiyo: mtoto hupozwa hadi nyuzi 33.5 kwa saa 72, chini ya uangalizi wa karibu, na wengi huokoka bila ulemavu. Jaribio dogo katika Hospitali ya Mulago, Kampala, lililochapishwa mwaka 2008 na kuhusisha watoto 36, halikuonesha nafuu hiyo. Vifo vilikuwa vingi zaidi kwa waliopozwa. Jaribio kubwa la India, Bangladesh na Sri Lanka, lililotangazwa mwaka 2021, nalo lilikuta vifo vimeongezeka.

Kwa hiyo katika barabara ya Nakivale hakuna anayempoza mtoto kwa makusudi. Mbarara iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, na usiku wake hupoa haraka. Mtoto anayeweza kubebwa hufungwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, na kipimajoto hutiwa kwapani kuhakikisha hashuki chini ya nyuzi 36.5.