Simon Kimbangu: miezi miwili ya kuhubiri, miaka 30 ya gereza Lubumbashi

Tangu mwaka 2023, tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko katika Kongo nzima. Ofisi zinafungwa, wanafunzi wanabaki nyumbani, na waumini wa kanisa la Kimbanguiste wanapita barabarani wakiwa wamevaa kijani na nyeupe, fanfare mbele. Siku hiyo imewekwa kwa heshima ya Simon Kimbangu. Upande wa mashariki jina lake linajulikana, lakini habari zake mara nyingi zinasimuliwa kwa miujiza tu. Kuna habari nyingine za maisha yake, zile zilizoandikwa na watu waliokuwa wakimchunguza: wasimamizi wa wilaya, maofisa wa jeshi na wapasha habari wa serikali ya Wabelgiji. Karatasi zao ni nyingi kuliko siku alizohubiri.

Kimbangu alizaliwa mwaka 1887 katika kijiji cha Nkamba, si mbali na Thysville, mji unaoitwa leo Mbanza-Ngungu, katika jimbo la Kongo ya Kati. Alisoma kwa wamisionari wa Kibatisti kutoka Uingereza, huko Ngombe Lutete. Mwaka 1915 alibatizwa pamoja na mke wake Marie Muilu. Walizaa watoto watatu wa kiume: Kisolokele, Dialungana na Diangienda. Alifundisha dini, akalima, akaishi kama baba wa nyumba yeyote.

Mwaka 1918 mafua makali yaliyozunguka dunia nzima yalifika Kongo na kuua watu wengi. Kwa masimulizi ya kanisa lake, ni wakati ule alianza kusikia sauti ikimwita kuchunga kondoo wa Mungu. Alikataa. Aliikimbia sauti hiyo mpaka Léopoldville, Kinshasa ya leo, akatafuta kazi ya mikono, kisha akarudi kijijini. Tarehe 6 Aprili 1921, katika kijiji cha Ngombe Kinsuka, aliombea mwanamke mgonjwa, na inasimuliwa kwamba mama huyo alipona.

Habari ilikimbia kuliko treni. Kwa muda wa majuma machache maelfu ya watu walikuwa njiani kwenda Nkamba. Wagonjwa walitoka kwenye hospitali za misioni, wafanyakazi waliacha mashamba ya Wazungu, treni ya kati ya Matadi na Léopoldville ilijaa watu wanaoshuka Thysville. Kimbangu aliwaambia wachome hirizi zao, waoe mke mmoja, waache ngoma za uchafu. Wamisionari walikuwa wakihubiri mambo hayo hayo kwa miaka 40 na kupata watu wachache. Hakugawa silaha, wala hakuwatuma watu kuchoma kituo cha serikali. Watu walikusanyika, wakaimba, wakasali.

Tarehe 11 Mei 1921 msimamizi wa wilaya, Mbelgiji Léon Morel, alifika Nkamba kujionea mwenyewe. Alikuta umati unaoimba, na mtu anayesoma Biblia, habari ya Daudi na Goliathi. Unaweza kuwaza jinsi sura hiyo ilivyosikika masikioni mwa afisa wa kikoloni aliyezungukwa na watu weusi maelfu! Katika ripoti yake Morel hakudai kuwa Kimbangu amepanga vita. Aliandika kwamba mtu huyu anatengeneza dini inayofaa mioyo ya Waafrika, kwamba siku moja watu wataona dini ya Wazungu si yao, na kwamba lazima azuiwe kabla ya hapo. Hofu ya serikali ilikuwa juu ya kesho, na ripoti ile ndiyo iliyofungua faili.

Mwanzoni mwa Juni Morel aliita wamisionari Thysville kwa mashauri. Waprotestanti waliomba serikali itumie upole, Wakatoliki wakataka mkono mzito. Mkono mzito ulishinda. Tarehe 6 Juni Morel alirudi Nkamba na askari ili kumkamata. Watu walijaribu kumkinga nabii wao, kukatokea msukumano, risasi zikapigwa, watu wakaumizwa, na askari wakapora vitu vya kijiji. Katika vurugu hiyo Kimbangu alipotea. Alikuwa amehubiri waziwazi miezi miwili kamili, si zaidi.

Alifichwa vijijini kwa miezi mitatu, naye aliendelea kuombea watu usiku usiku. Wazungu wa biashara na magazeti yao walipiga kelele kwamba serikali imelala. Mwezi wa Agosti Thysville iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Hapo ndipo ilionekana jinsi polisi ya koloni ilivyofanya kazi: kila chifu alitakiwa kusema nani amepita kijijini kwake, tiketi za treni ziliminywa, na kuimba nyimbo za Nkamba kulitosha mtu akamatwe. Hata hivyo hakuna aliyemuuza. Katikati ya Septemba Kimbangu alirudi mwenyewe Nkamba, akawakataza wafuasi wake kurudisha pigo, akanyosha mikono ifungwe.

Inafaa kusimama kidogo kwenye sheria, kwa sababu watu wengi wanadhani koloni haikuwa na sheria yoyote ya kulinda haki. Ilikuwa nayo. Sheria kuu ya koloni, ya mwaka 1908, iliwapa wakaaji wote wa Kongo sehemu ya haki zilizomo katika katiba ya Ubelgiji. Uhuru wa kuabudu ulikuwemo. Siri ya barua ilikuwemo, na haki ya kuandikia viongozi malalamiko pia. Lakini vifungu vitatu viliachwa nje kwa makusudi: uhuru wa magazeti, uhuru wa kukusanyika na uhuru wa kuunda vyama. Kwa hiyo Mkongomani aliruhusiwa kusali, mradi asisali pamoja na watu wengi mahali ambapo Mzungu hakumtuma. Nkamba iliangukia katika shimo hilo.

Kesi yake haikupelekwa kwa mahakimu wa kawaida. Ilisikilizwa Thysville na mahakama ya kijeshi chini ya afisa Amadeo De Rossi. Kimbangu hakuwa na wakili, wala hakupewa nafasi ya kukata rufaa. Tarehe 3 Oktoba 1921 alihukumiwa kifo, pamoja na fimbo 120. Wenzake wengi walipata vifungo virefu.

Maandishi ya hukumu hiyo yapo mpaka leo, na sehemu moja inashangaza. Mahakama yenyewe ilikubali kwamba mpaka siku ile uadui dhidi ya serikali ulikuwa umeonekana katika nyimbo, matusi na fujo chache za hapa na pale. Iliongeza kwamba hata hivyo mambo yangeweza kufika kwenye maasi makubwa. Mtu akahukumiwa kufa kwa maasi ambayo hayakutokea. Mashahidi wa maasi hayo walikuwa ripoti.

Wamisionari Wabatisti walimwandikia Mfalme Albert wa Kwanza kumwombea. Mwezi wa Novemba mfalme aligeuza kifo kuwa kifungo cha maisha. Kimbangu aliondolewa Kongo ya Chini, akavushwa nchi nzima mpaka Elisabethville, yaani Lubumbashi, mbali kabisa na watu wanaosema Kikongo. Serikali ilichagua mahali hapo kwa akili: katika mji ule wa shaba, wenye lugha ya Kiswahili, nani angemjua?

Alibaki kizuizini miaka 30. Miaka hiyo inasimulika kwa shida, na kuna hadithi nyingi zinazopingana, hata juu ya siku zake za mwisho. Lililo hakika ni kwamba wakubwa wa Léopoldville hawakukubali kamwe aachiliwe. Alikufa Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Nelson Mandela, ambaye dunia nzima inahesabu miaka yake ya kifungo, alikaa gerezani 27.

Lakini kumfunga mtu mmoja hakukutosha. Serikali ilikuwa na chombo kingine, amri ya mwaka 1910 iliyomruhusu liwali mkuu kumhamisha Mwafrika yeyote aliyehesabiwa kuwa anaharibu utulivu, na kumlazimisha kuishi mahali palipochaguliwa. Haikuhitaji mahakama. Ilihitaji ripoti. Mtu aliyeonekana akiimba usiku, au aliyekutwa na udongo wa Nkamba mfukoni, aliandikwa jina, na siku moja askari walikuja kumchukua. Familia nyingine zilifuata baba, nyingine zilikatika. Kanisa linahesabu familia 37,000 zilizohamishwa hivyo mpaka mwaka 1959. Hesabu za serikali ya kikoloni ni ndogo zaidi.

Hapa ndipo habari hii inafika mashariki. Kambi moja kati ya zile za watu waliohesabiwa kuwa hatari sana ilikuwa Lowa, kando ya mto Lualaba. Nyingine zilikuwa Ekafera katika Équateur, Oshwe upande wa Bandundu, Kasaji katika Katanga. Mtu wa Nkamba, mkulima aliyezoea chikwangue na vilima vya kwao, alijikuta kwenye kambi msituni akilima chini ya macho ya askari. Huko alikutana na wakaaji wa mahali na wafungwa wa dini nyingine zilizopigwa marufuku, kama Kitawala. Wakaulizana wamefungwa kwa kosa gani. Mwanzoni dini ya Kimbangu ilikuwa ya Wakongo wa bonde la chini la mto. Serikali yenyewe, kwa gharama yake, ndiyo iliyolipia safari za wahubiri wake mpaka Lualaba na Katanga.

Nkamba, Marie Muilu alibaki chini ya ulinzi. Kijiji kilikatazwa kwa wageni, lakini watu walipita porini usiku kuchota maji na udongo, na mama huyo aliwapokea. Pasipo cheo wala jengo, aliongoza kanisa lililokuwa halina ruhusa ya kuwa kanisa. Mwana wake mkubwa, Kisolokele, alichukuliwa akiwa mtoto, akapelekwa shule ya serikali huko Boma, ili akue chini ya mkono wa Wabelgiji. Inachekesha kidogo kuona matokeo yake. Kisolokele na mdogo wake Diangienda walisoma vizuri, wakawa makarani wa serikali, wakajifunza jinsi barua rasmi inavyoandikwa na jinsi faili inavyotembea toka meza hadi meza.

Ujuzi huo ulitumika katikati ya miaka ya 1950. Polisi walikuwa bado wanavamia maombi katika mitaa ya Léopoldville. Watu walikamatwa, wakahojiwa, wakahamishwa, na juma lililofuata wengine walikusanyika tena. Ndipo wafuasi, wana wa Kimbangu wakiwemo, walipomwandikia liwali mkuu Léo Pétillon. Maneno yao yalikuwa ya heshima. Walieleza kwamba kila wanapokutana kusali, askari wanakuja kuwakamata. Basi, ili polisi wasichoke bure kuwatafuta nyumba kwa nyumba, wao wenyewe watakusanyika wote katika uwanja mkubwa wa mpira, mikono mitupu, na hapo serikali itachagua: iwafunge wote kwa siku moja, au iwaue wote.

Barua hiyo iliweka serikali mahali pagumu. Kazi yote ya miaka 35 ilisimama juu ya siri: nani anasali wapi, nani anaongoza, nani ana orodha. Sasa watu walileta majina yao wenyewe. Hakuna mpasha habari wa kulipwa wakati washukiwa wamejaa uwanjani mchana kweupe. Na kukataza kusali mbele ya macho ya dunia, miaka ile ambayo Ghana ilikuwa inapata uhuru, kulikuwa kugumu kuliko mwaka 1921. Marufuku ilianza kulegea. Marie Muilu alikufa mwezi wa Aprili 1959, akiwa bado anangoja. Tarehe 24 Desemba mwaka huo huo, serikali ililitambua kanisa rasmi.

Miezi michache baadaye kaburi la Elisabethville lilifunguliwa. Mwili wa Kimbangu ulirudishwa kwao na kuzikwa Nkamba tarehe 3 Aprili 1960, karibu miezi mitatu kabla ya uhuru wa Kongo. Njia aliyopitishwa amefungwa minyororo ilijaa watu wanaoimba, nyimbo zile zile zilizokuwa zimeandikwa katika ripoti kama ushahidi.

Hukumu, yenyewe, ilibaki. Wabelgiji waliondoka, Mobutu alikuja akaenda, kanisa likafikisha waumini mamilioni, na katika vitabu vya sheria Simon Kimbangu alikuwa bado mtu aliyehukumiwa kifo kwa kuhatarisha usalama wa serikali. Ni mwaka 2011 tu ambapo Mahakama Kuu ya Kijeshi, mjini Kinshasa, ilichukua tena kesi ya Thysville na kuifuta hukumu hiyo, yake na ya wenzake. Faili iliyofunguliwa na Morel mwezi wa Mei 1921 ilifungwa baada ya miaka 90.