Gregory: Mtafiti wa visukuku aliyeanzia safari Mombasa

MWAKA 1893, miaka mitatu kabla ya reli kuanza kujengwa, Mwingereza John Walter Gregory aliondoka Mombasa kwa miguu na wapagazi wapatao 40 kutoka Unguja. Alikuwa na umri wa miaka 29, mtaalamu wa miamba na visukuku katika jumba la makumbusho la London. Ng'ambo ya kisiwa, Changamwe, miamba imehifadhi mabaki ya viumbe wa bahari wa zaidi ya miaka milioni 140; lakini Gregory aliazimia kufika mbali zaidi.

Msafara mkubwa aliokuja nao mwaka uliotangulia ulikuwa umesambaratika. Safari hii alifika Baringo, akapanda Mlima Kenya, kisha akarejea pwani. Alithibitisha kwamba bonde lile kuu halikuchimbwa na mto, bali ardhi ilididimia kati ya nyufa mbili. Kitabu chake cha 1896 kililieneza jina la Bonde la Ufa, na sehemu yake hadi leo huitwa kwa jina la Gregory. 

Alirudi 1919, akaokota zana za mawe za kale Olorgesailie.

Juni 1932, akichunguza milima ya Andes nchini Peru, mtumbwi wake ulipinduka katika korongo la mto Urubamba, akafa maji. Alikuwa na miaka 68.